Tambuu ya Shangazi na Mioyo ya Wanyamwezi

Jumapili iliyopita mjukuu wangu Zawadi alikuja hapa Temeke na wenzake wanne wa chuo kikuu. Walikaa ukumbini, wakamaliza birika zima la chai, kisha kijana mmoja mrefu mwenye miwani akaniuliza, "Babu, eti na wewe ulisomea fiziolojia ya mazoezi?" Nilicheka mpaka nikakohoa. Enzi zetu jina hilo hata kulitamka tungeshindwa. Lakini kazi yenyewe, ya kumpandisha mtu kwenye sanduku na kumshusha, kumshika mkono na kuhesabu moyo wake unavyohangaika na unavyotulia, nimeifanya tangu sina ndevu mpaka nikastaafu sina nywele. Siku ile chai iliisha kabla ya maneno, kwa hiyo yaliyobaki nawaandikia hapa ninyi mliokuwapo.

Binti mmoja kati yenu alilalamika kwamba kila likizo baba yake anamuuliza kama anasoma miaka yote hiyo ili aje kupuliza filimbi uwanjani. Mwambie baba yako aje kwangu. Kwa kazi hii mimi nimekaa na watoto waliopooza miguu, nikiwafundisha kuinua goti kidogo kidogo huku mama zao wanalia pembeni. Nimekaa na wazee waliougua moyo wakawa wanaogopa hata kwenda msalani peke yao. Nimewapima makuli wa bandarini ili ijulikane mzigo upi unachosha na upi unaumiza. Nimewakimbiza wanariadha kuzunguka uwanja mpaka wakanitukana kwa lugha zao wakidhani sielewi. Yote hayo niliyafanya nikiwa msaidizi tu, mtu wa kushika saa. Ninyi mtatoka na shahada zenu, mtakaa kwenye viti ambavyo mimi nilikuwa navifuta vumbi, na wengine mtabaki hapo hapo chuoni kuwafundisha watakaowafuata. Kazi zipo, tena nyingi.

Lakini mazuri yangu Zawadi amekwisha wasimulia, tena kwa kuongeza chumvi. Mimi nitawasimulia kosa langu kubwa, la enzi za Mwingereza, nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu.

Kwanza mjue nani alinifundisha. Palikuwa na zahanati ndogo hapa Temeke, na ndani yake dresa mmoja, yaani mfunga vidonda na mgawa dawa, akiitwa Mzee Feruzi. Alikuwa mfupi, mkali, ananukia ile dawa nyekundu ya vidonda tangu Januari mpaka Disemba. Siku ya kwanza alinipa mkono wake nihesabu mapigo. Nikamshika kwa dole gumba, nikahesabu kwa majivuno, nikamwambia, "Themanini na nne, mzee." Akaniambia nihesabu tena. Nikapata themanini na sita. Akautoa mkono wake taratibu, akasema, "Umejihesabu mwenyewe, mwanangu. Dole gumba lina mshipa wake. Mimi tangu umenishika sina habari."

Tangu siku hiyo ni vidole viwili, cha shahada na cha kati, mpaka leo. Nilifanya mazoezi kwa majirani wote. Nilimpima mama akipika, nikampima akisuka ukili, nikampima akiwa amelala, mpaka akaniambia nikimgusa tena niende nikaishi na huyo Feruzi wangu.

Jambo la pili alilonifundisha Mzee Feruzi hamtalikuta kwenye vitabu vyenu. Mtu ukimshika mkono kabla ya kumsalimia, anadhani amekamatwa. Enzi zile aliyekuwa akikushika kifundo cha mkono ghafla alikuwa askari. Moyo wa mtu unaruka, na wewe unaandika kwamba anaumwa. "Msalimie mpaka salamu ziishe," alikuwa akisema. "Muulize nyumbani, muulize watoto, muulize mvua. Akianza kuchoka na maswali yako, hapo ndipo moyo umekaa mahali pake." Nimefanya kazi na mashine za kila aina baadaye, na bado nawaambia: salimieni kwanza.

Sasa Daktari. Alikuwa Mwingereza mrefu, mwekundu shingoni, mtu wa maneno machache lakini hakuwa mbaya. Jina lake nitaliacha alale nalo. Alikuwa anachunguza kazi ngumu inamfanyia nini mwili wa binadamu, jambo ambalo siku zile watu waliliona kichekesho, kwa sababu kila mtu alijua: inamchosha. Alimwomba Mzee Feruzi kijana wa kumsaidia, anayejua kusoma, kuandika na kuhesabu mapigo. Mzee Feruzi akanitoa mimi, akaniambia kwenye kona, "Usiniaibishe."

Tukapelekwa Kunduchi, kwenye machimbo ya mawe. Kampuni iliyokuwa na machimbo yale ilitaka kujua nani abebe mawe makubwa, nani apewe kazi nyepesi, na nani aondolewe. Wabeba mawe walikuwa watu wa kila namna. Walikuwapo vijana wa pale pale pwani, na walikuwapo wengi wa bara, hasa Wanyamwezi, waliopanda treni kuja kutafuta kazi. Jiwe lilitoka shimoni begani mwa mtu, likapanda mteremko wenye kokoto, likaingia kwenye lori. Mtu alifanya hivyo tangu jua linachomoza mpaka alasiri.

Kipimo chetu kilikuwa rahisi. Tulijenga banda la makuti, tukaweka sanduku la mbao la kimo cha goti. Mtu anapimwa mapigo akiwa amekaa. Kisha anapanda na kushuka sanduku kwa dakika tano, kwa mwendo mmoja usiobadilika. Anakaa, anapumzika dakika moja, anapimwa tena. Moyo unaotulia upesi una nguvu. Unaochelewa kutulia hauna. Daktari alikuwa na saa ya kubonyeza ambayo hakuiacha mkononi, wabeba mawe wakampachika jina Bwana Saa. Mwishoni kila mtu aliandikiwa herufi: A mawe makubwa, B kazi nyepesi, C aondoke.

Ule mwendo mmoja ulikuwa utolewe na kimashine kidogo chenye kugonga, kilichotoka Ulaya. Hewa ya bahari ilikiua wiki ile ile. Daktari akanipa debe na kijiti, akasema nigonge mimi. Jamani, mtu wa Temeke unampa debe na kijiti! Dakika ya kwanza niligonga vizuri. Ya pili vizuri. Ya tatu sijui kilichotokea, mkono ukaanza kuongeza vitu vyake, na mtu aliyekuwa juu ya sanduku, Mzaramo mwenzangu, akakubali. Kufika dakika ya nne alikuwa anapanda sanduku kwa kiuno. Waliokuwa wanangoja nje wakaanza kupiga makofi. Daktari alisimamisha saa, akanitazama, akasema kwa Kiswahili chake, "Rajabu, hii si harusi." Kipimo cha mtu yule tulikirudia kesho yake, na mimi nikagonga debe nimefumba macho nisiuone mwili wa mtu.

Kati ya Wanyamwezi wale palikuwa na mmoja aitwaye Lukasi, Mkristo, baba wa mtoto mmoja aliyemwacha Tabora na mama yake. Alikuwa mnene wa mabega, na jiwe lililohitaji watu wawili alikuwa akilibeba peke yake akiliongelesha njiani kama mtu anayembembeleza mwali. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, mnajua. Kwa hiyo hatukuwahi kuongea kistaarabu hata siku moja.

"We Mzaramo," alikuwa akiniambia, "kazi yako kushika mikono ya wanaume. Mama yako anajua?"

"Anajua. Nimemwambia nashika mkono wa punda, anaitwa Lukasi."

Basi tunacheka, anabeba jiwe lake. Nikikumbuka Kunduchi ile, na vumbi jeupe lililotufanya wote tufanane rangi, na Lukasi akinitukana kutoka bondeni, natamani nirudishwe japo kwa asubuhi moja.

Mimi nilikuwa nalala kwa shangazi yangu, Bi Mwanahawa, nyumba chache kutoka machimboni. Siku ya nne au ya tano alinijia pale bandani, akawakuta watu kumi wamekaa nyuma kwenye kivuli wakingoja zamu. Aliwasalimu, akanivuta pembeni.

"Rajabu, hawa ni wageni wako?"

"Wanangoja kupimwa, shangazi."

"Sikukuuliza wanangoja nini. Wamekaa kwako tangu asubuhi?"

"Ndiyo."

"Na hujawapa hata cha kutafuna? Hivi sie tumekulea wapi wewe?"

Kesho yake akaleta kijaluba chake, kile kisanduku cha bati cha tambuu. Wengi wenu hamjaiona. Ni jani bichi, unalipaka chokaa kidogo, unatia vipande vya popoo, ile kokwa ngumu, na kungumanga, unalikunja, unatia mdomoni unatafuna. Mate yanakuwa mekundu, unatema. Kwetu mgeni kupewa tambuu ilikuwa heshima, na nyumba isiyo na tambuu ilisemwa. Shangazi alizikunja mwenyewe asubuhi, akazipanga kwenye sahani, akanipa. Na mimi nikawagawia waliongojea, kila mtu yake, siku baada ya siku, nikijiona kijana mwenye adabu. Kwa kuwa Daktari alichukia sakafu yake kutemewa, niliwaambia wasukutue kabla ya kuingia ndani. Yeye alikuwa upande wa mbele na makaratasi yake. Hakuona kitu.

Vijana wa pwani walitafuna na kutema, wengi wao wameizoea tangu wadogo. Watu wa bara hawakuijua. Lakini unakataaje kitu alichokukunjia mama wa watu kwa mkono wake? Walipokea kwa mikono miwili, wakatafuna, na kwa adabu ile ile, kuliko kutema mbele za watu, wakameza.

Wiki mbili hazijaisha Daktari alianza kuona jambo. Watu wa pwani mioyo yao ilikuwa inatulia vizuri. Watu wa bara ilikuwa inapiga mbio hata kabla hawajapanda sanduku, na baada ya sanduku haikutulia. Wanatoka jasho, mikono inatetemeka. C, C, C. Daktari alikuna shingo yake, akaniambia labda watu wa nchi ya juu hawaliwezi joto la pwani. Akaanza kuliandika hilo kwenye ripoti yake.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Sikufikiri kwamba mababu wa watu hao hao ndio waliobeba mizigo kwa miguu kutoka bara mpaka baharini. Nilifikiri tu kwamba leo nimepata maneno ya kumchoma Lukasi.

Lukasi alipimwa Jumatano. Alitafuna tambuu mbili, ya kwake na ya mwenziwe aliyeikimbia. Nilipomshika mkono akiwa amekaa tu, mapigo yalikuwa mia na kumi. Baada ya sanduku sikuweza hata kuyafuata vizuri. Macho yalimtoka, akashika ukuta. Daktari akaandika C.

Nikamwambia pale pale, mbele ya wenzake, "Kumbe mtani, mabega ya ng'ombe na moyo wa kifaranga!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliweka kiganja kifuani, akatoka nje taratibu, akikanyaga kama mtu aliyebeba mayai. Niliona. Nikajiambia atanijibu kesho.

Ijumaa, baada ya sala, nilikuwa nimekaa barazani kwa shangazi. Mimi mwenyewe tambuu sikuwa natafuna, niliiona kitu cha wazee. Siku ile akanipa moja, nikaitia mdomoni kumfurahisha, na kwa uvivu wa kuinuka nikameza yale mate. Haikupita muda masikio yakawa ya moto, jasho likanitoka kwenye paji la uso, na kifuani kukaanza kugongwa. Kwa mazoea nikapeleka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono. Nilihesabu. Nikahesabu tena. Mia na nne, na mimi nimekaa juu ya mkeka sijainua hata kikombe.

Shangazi akaniuliza kwa nini nimebadilika uso. Nikamwambia ni jua.

Nililijua kosa langu saa ile ile. Wale watu mioyo yao ilikuwa mizima. Mimi ndiye niliyeiharibu kwa sahani ya shangazi, na mwisho wa mwezi wangefukuzwa kazi. Nilitakiwa niinuke niende kwa Daktari na jasho langu vile vile. Sikwenda, na sababu yake nawaambia. Daktari alikuwa ameniahidi barua. Huko Uganda palikuwa na chuo kikuu, na walikuwa wanachukua vijana wachache wa Tanganyika kusomea mambo ya tiba. Alisema Jumatatu ataandika barua ya kunipendekeza, kwa sababu hajapata msaidizi makini kama mimi. Makini! Nikaona nikisema Ijumaa, Jumatatu hakuna barua. Nikaamua niipate kwanza, halafu nitatafuta namna.

Nilikaa kimya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Shangazi nilimwambia watu wamechoka na tambuu, akaudhika. Jumatatu Daktari akanipa barua ile niisome. Ilikuwa nzuri mno. Nilimshukuru, nikaiweka mfukoni, na mdomo wangu ukabaki umefungwa.

Jumanne asubuhi jiwe kubwa lilikuwa limelala katikati ya mteremko, vijana wawili wanalisukuma. Nikauliza Lukasi yuko wapi. Wakaniambia ameondoka tangu juzi. Hakungoja kufukuzwa. Amesema hataki kufia shimoni, amekwenda Goba kwa ndugu yake anayelima mihogo, akae hapo mpaka siku yake ifike.

Mpaka siku yake ifike. Nilikwenda moja kwa moja bandani, nikamwambia Daktari yote: kijaluba, kusukutua, mia na nne yangu, barua. Alinisikiliza bila kukatiza. Alipoelewa alifunga daftari la wiki mbili za kazi, akaliweka chini.

"Uligundua lini?" akauliza.

"Ijumaa, bwana."

"Leo Jumanne." Akahesabu kwa vidole. "Kosa la tambuu nalielewa. Ni desturi yenu, na mimi sikuuliza. Siku nne ndizo sizielewi."

Akanyoosha mkono. Nikatoa barua mfukoni, nikampa. Aliikunja mara mbili, akaitia kwenye shati lake. Hiyo ndiyo sababu, Zawadi, babu yako hakusoma chuo kikuu. Nilikuwa nakwambia zamani kwamba nafasi zilijaa. Hazikujaa.

Tulirudia vipimo vyote upya, bila kitu mdomoni. Wanyamwezi wakapanda sanduku kama wanaokwenda sokoni, na C zile zikafutwa moja baada ya nyingine. Likabaki jina la Lukasi peke yake. Daktari akanipa saa yake ya kubonyeza, akaniambia, "Mlete. Asipopimwa siwezi kuifuta C yake."

Goba siku zile ilikuwa vilima na pori na shamba moja moja. Kutoka Kunduchi nilitoka alfajiri, nikapita vilima vya Madale, nikafika jua limeshapanda. Nilimkuta Lukasi amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ya udongo, amejifunika shuka kwenye joto lile, mikono imelala mapajani. Mke wa ndugu yake alikuwa anamletea maji ya kunywa kama mgonjwa. Siku chache tu, na mabega yale yalikuwa yameshuka.

"Karibu, Rajabu," akasema.

Aliniita kwa jina langu. Hakunitania, na hilo lilinitisha kuliko shuka.

"Starehe, mtani. Mbona uliondoka bila kuaga?"

"Mtu mwenye moyo wa kifaranga akizunguka kuaga watu, si atafia njiani?"

Nilikaa chini, mchangani, nikamweleza. Nikamwambia kosa ni langu, moyo wake mzima, ni tambuu iliyoukimbiza, na wenzake wote wamerudiwa wamefaa. Alinisikiliza akitazama mihogo.

"Juzi mlisema mbovu," akasema. "Leo mwasema mzima. Kesho mtasema nini? Mie nimeshaandikisha barua ya kupeleka nyumbani. Nimemwambia mke wangu asinisubiri."

Ningekuwa yeye, nisingeniamini. Nilifikiri nimshike mkono nimpime, kisha nikaona ni upuuzi, maana atakachopata ni neno langu tena. Nikamwambia, "Lete vidole vyako. Si dole gumba. Hivi viwili." Nikaviweka kwenye kifundo changu mimi. Nikamuuliza kama anasikia. Akakunja uso, akatafuta, kisha akaitikia kwa kichwa kwamba anasikia. Nikabonyeza saa. Nusu dakika. "Thelathini na saba," akasema.

Nilikuwa nimekuja na tambuu tatu za shangazi kwenye kitambaa. Nilizitafuna zote mbele yake, na mate yote nikameza. Sitaki kuwaeleza hali niliyokuwa nayo. Kile kilima kilikuwa kinazunguka. Nikampa mkono tena, jasho linanidondoka puani, naye akaweka vidole na kuhesabu kwa sauti, na kadiri alivyohesabu sauti ikawa inapanda.

"Sitini na moja! Rajabu, unakufa!"

"Sifi," nikasema, kisha nikageuka nikatapika kwenye mihogo ya ndugu yake.

Nilipoinua kichwa, Lukasi alikuwa anacheka. Alicheka mpaka shuka likamdondoka. Yule shemeji yake alitoka ndani mbio akidhani kuna balaa.

Kisha akaacha kucheka. Akaweka vidole viwili kwenye kifundo chake mwenyewe, akaniambia nibonyeze saa. Thelathini na nne. Akasema nibonyeze tena. Thelathini na nne. Akainuka, akaenda kwenye ukingo wa baraza ya nyumba ile, akaanza kupanda na kushuka. Sikuwa na debe, nikampigia makofi, mwendo mmoja usiobadilika, na safari hii mkono wangu haukuongeza kitu. Dakika tano. Akakaa. Nikamwambia dakika ya kupumzika imekwisha, akajihesabu mwenyewe. Mimi sikumgusa. Alipomaliza alitazama vidole vyake kwa muda mrefu.

Sikumwomba arudi. Niliona sina haki hiyo. Nilinywa maji, nikaaga, nikamwambia Daktari anamngoja mpaka mwisho wa mwezi, akipenda.

Akainuka kunisindikiza. Mnajua mgeni anasindikizwa wapi: mpaka mwisho wa shamba, au njia panda, mnapeana mkono, mwenyeji anarudi. Tulifika njia panda. Nikanyoosha mkono, nikasema, "Basi, inatosha mtani. Rudi."

Hakuupokea. Akapita, akashuka na mimi bondeni, tukavuka kijito, akaanza kupanda kilima cha Madale. Mimi nilikuwa bado nimelegea kwa tambuu, nikabaki nyuma. Nilimwona mgongo wake ukipanda, mwanzo polepole, mguu mmoja mmoja, kisha kwa mwendo wake wa zamani wa machimboni. Juu kabisa alisimama kuningoja. Nilipomfikia alikuwa amefumba macho, vidole viwili vimelala kwenye kifundo cha mkono wake, midomo inacheza bila sauti.

Nilingoja amalize. Alifumbua macho, hakuniambia amepata ngapi, akanitazama nilivyokuwa nahema.

"Twende, Mzaramo," akasema. "Unanichelewesha kazini."